Mlango wa Karvon

Tashkent, 14 Januari 2022

Kaka Muzaffar,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na Mama hajambo? Goti lake linasemaje na baridi hii? Mwambie asiteremke uani bila soksi za sufu, na mwambie ni mimi niliyesema, maana akisikia ni wewe atacheka tu. Huku barabara zimeganda. Jana nimeteleza mbele ya ofisi na mfuko mzima wa mikate, watu wakakimbilia kuiokota mikate kwanza, mimi baadaye. Sijaumia.

Nakuandikia barua pepe badala ya kukupigia kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana Idi iliyopita baada ya yale makelele. Kwa simu tunagombana, na Mama anabaki katikati analia.

Sasa nisikilize. Benki ninayofanyia kazi inataka waandishi wake wote wa programu watumie Karvon. Karvon yako, kaka! Ile uliyoiandika pale chumbani kwako, inayokwenda kuchukua vifurushi vya msimbo vya watu wengine, ikavipanga, kisha ikaijenga programu mpaka ikasimama. Lakini watu wa hapa hawataki kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Wanataka wabaki ndani ya kihariri, mle mle wanamoandikia, wabonyeze mara moja, na kosa liwaonekanie palepale limepigiwa mstari mwekundu. Hiyo ndiyo kazi ya Sarbon, kiungo nilichokitengeneza mimi. Odilbek, mkuu wetu, ameniambia bila kuzunguka: nikiifanya Sarbon iwe imara kwenye vihariri vyote vitatu vinavyotumika hapa hadi mwisho wa Juni, kitengo kipya nitakiongoza mimi. Nikishindwa, mkataba wangu wa majaribio unaishia hapo na mimi nimeishia hapo.

Ninachokosa ni kitu kimoja tu. Karvon haina mlango. Kila ninachojua kuhusu inachofanya nakipata kwa kusoma maneno inayowaandikia watu, kama jirani anayechungulia juu ya ukuta. Nataka kihariri kiulize na Karvon ijibu, kwa mpangilio usiobadilika. Kazi yenyewe nimeshaifanya. Nilikutumia tangu mwaka jana mwezi wa pili, ipo kwenye orodha ya mapendekezo unayotumiwa kuhusu Karvon mpaka leo na hujaifungua. Tafadhali, kaka, ifungue.

Mbusu Mama.

Mdogo wako,
Zebiniso

*

Margilan, 20 Februari 2022

Mdogo wangu Zebi,

Waaleikum salaam. Nimechelewa. Umeme ulikatika, kisha bomba likaganda, kisha wanafunzi wangu hapa chuoni wakawa na mitihani. Mama hajambo. Goti linamuuma pale anapotaka limuume, yaani wakija wageni asiowapenda. Soksi anavaa. Alipoambiwa ni wewe uliyesema, alizivaa jozi mbili.

Hongera kwa benki. Nimekuona mtandaoni ukiwa jukwaani, umevaa kile kizibao cha hariri ya kwetu, unawafundisha watu. Ulipendeza. Chini ya picha kijana mmoja ameuliza: "Samahani, Karvon ni sehemu gani ya Sarbon?" Watu wamemjibu kwa upole kabisa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba ameuliza upuuzi. Na wewe, Zebi, umemwekea alama ya kucheka.

Halafu hilo jina. Mimi nimeita chombo changu Karvon, yaani msafara. Wewe ukaja nyuma na kiungo chako ukakiita Sarbon, yule anayeshika kamba ya ngamia wa mbele. Ulidhani sitaona? Miaka sita nimekaa na Karvon, nikila na kulala nayo, hakuna aliyeniita jukwaani popote. Wewe umeivalisha vifungo na rangi, leo ndiye unayepigiwa makofi.

Kuhusu mlango, nitautazama. Karvon niliitengeneza kwa mtu anayejua anachokiamuru. Asiyeweza kuandika neno moja kwenye dirisha jeusi, mimi na yeye hatuna biashara. Lakini nimesema nitautazama.

Kaka yako,
Muzaffar

*

Tashkent, 2 Machi 2022

Kaka Muzaffar, bwana mkubwa,

Salamu zako zimefika, na miiba yake yote. Mimi ni mzima, Tashkent inaanza kupata jua, na yule mama mwenye nyumba amekubali niweke kitanda cha pili iwapo Mama ataamua kuja. Simwambii tena, nimemwomba vya kutosha. Mwambie wewe.

Alama ya kucheka niliiweka kwa sababu swali lilikuwa la kuchekesha. Kha! Ulitaka nimpige? Kila ninaposimama mbele za watu sentensi yangu ya kwanza ni "Karvon imeandikwa na kaka yangu." Wanasahau. Nifanyeje, nikuandike kwenye paji la uso?

Hebu nikueleze vizuri hali yangu ili uelewe kwa nini nakusumbua. Karvon ikimaliza kuchukua kifurushi, inaandika jina lake, halafu mshale, halafu toleo. Sarbon inautafuta ule mshale. Upande huu ni jina, upande ule ni toleo, basi, ndiyo elimu yangu yote. Nimejenga nyumba nzima juu ya mshale wako. Siku ukiugusa, hata kwa bahati mbaya, vihariri vyote vinakuwa vipofu na mimi nimekwisha. Ndiyo maana nalilia mlango. Usicheke.

Sikukuu ya Navruz sitaweza kuja. Odilbek ametupangia ukaguzi wiki ile ile. Nimeona picha za mwaka jana, Mama anakulisha uji wa sumalak kwa kijiko chake, na wewe umekaa umefungua mdomo, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Niliitazama sana ile picha.

Zebi

*

Margilan, 25 Machi 2022

Zebi,

Salamu za sikukuu. Miti ya aprikoti ya jirani yetu Hosiyat imechanua hadi kwetu, ua umejaa maua. Mama mzima. Wote wamekuulizia.

Tulipika sumalak hapa kwetu mwaka huu. Kuni nilipasua mimi. Ile sufuria kubwa tuliikokota mimi na mume wa Hosiyat, mgongo unaniuma mpaka leo. Wanawake wakakaa kuikoroga kwa zamu, na Mama kila zamu yake ikifika hadithi ilikuwa moja tu. Zebi wangu hivi, Zebi wangu vile. Zebi anawafundisha watu wa benki. Zebi amepanda jukwaani. Hosiyat akasema, "Kumbe ile Karvon ni ya Zebi? Sisi tulidhani ni ya Muzaffar." Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mzigo wa kuni mikononi, nikamsubiri Mama amsahihishe. Mama akaendelea kukoroga.

Hayo ndiyo maisha yangu huku. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, mimi ndiye ninayemkanda goti kwa mafuta, na anayesifiwa ni aliye mbali.

Kitanda chako cha pili nimemwambia. Amesema ataona.

Toleo jipya la Karvon litatoka mwezi ujao. Nimelisafisha sura kidogo, halina makuu.

Muzaffar

*

Tashkent, 19 Aprili 2022

Muzaffar,

Nimefunga, kwa hiyo nitachagua maneno.

Toleo lako jipya limetoka jana. Umeuondoa mshale. Mahali pake umeweka mstari wa rangi unaojaa taratibu kutoka kushoto, mzuri, wallahi mzuri. Sarbon ikautafuta mshale, haikuuona, ikaamini hakuna kifurushi hata kimoja kilichofika. Basi kila mtu alipohifadhi faili lake, Sarbon ikaiamuru Karvon ikavichukue vyote upya. Benki nzima! Mtandao wa jengo ukalala kabla ya adhuhuri. Vihariri vikawa vyekundu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, watu wakasimama kwenye viti wakiniita kwa jina langu. Odilbek alikuja akasimama nyuma yangu, akavihesabu vihariri vyekundu kwa kidole. Bora angenipigia kelele.

Mabadiliko yenyewe yana tarehe. Mshale umeuondoa siku ile ile uliyoniandikia habari za kuni na sumalak. Na kwenye maelezo, pale ambapo siku zote unaandika aya mbili kueleza koma moja, safari hii umeandika neno moja: "Usafi."

Nilikwambia mimi mwenyewe. Nilikuonyesha mahali pa kunigonga, kwa sababu wewe ni kaka yangu. Ulijua?

Z.

*

Margilan, 20 Aprili 2022

Zebiniso,

Asalaam aleikum. Mama hajambo. Ameanza kufuga viwavi vya hariri, vimechukua chumba cha wageni na sasa vinahamia kwangu. Kutwa nakata matawi ya mforosadi. Nina majani hadi kwenye kibodi.

Nimesoma malalamiko yako. Karvon inawaandikia watu wenye macho. Sijawahi kuahidi popote kwamba mshale utakaa pale milele. Kila mwandishi wa programu anajua: kilichoandikwa kusomwa na mtu hakisomwi na mashine, na anayekisoma kwa mashine anajitakia mwenyewe. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupunguzia alama. Mstari wa rangi umeombwa na watumiaji siku nyingi.

Ukitaka mshale urudi, tumia toleo la zamani. Halijafutwa.

Futari njema.

Muzaffar

*

Tashkent, 3 Mei 2022

Muzaffar,

Idi njema kwa Mama. Kwako pia, kwa sababu ya dini.

Nilikuuliza neno moja, ulijua au hukujua. Umenijibu kwa ukurasa mzima wa viwavi na alama za mtihani. Nimeelewa.

Toleo la zamani nimelirudisha, benki inapumua. Lakini Odilbek hataki tena kitu kinachotegemea hisia za mtu mmoja aliyekaa Margilan. Kwa hiyo nakuarifu kabla hujasikia kwa wengine. Msimbo wa Karvon uko huru, wewe mwenyewe uliuachia watu wote. Mwisho wa Juni nitachukua nakala yake, nitaipa jina jingine, nitaiwekea mlango wangu, na Sarbon itazungumza na hiyo. Watumiaji wengi watanifuata, unajua hivyo vizuri kuliko mimi. Wewe utabaki na mstari wako wa rangi.

Usiniambie nimekuibia. Zaidi ya mwaka mzima nimekaa mlangoni kwako na kazi yangu mkononi, hukunifungulia hata kusema hapana. Hapana ningeielewa!

Na jambo jingine, maana leo nimechoka kumeza. Unalalamika kwamba Mama ananisifu. Mimi akinipigia, ananiuliza kama nimekula, basi. Nusu saa inayobaki ni Muzaffar. Muzaffar ameamka alfajiri kanichemshia chai. Muzaffar ananikanda goti, ana mikono laini. Muzaffar angekwenda Tashkent angekuwa waziri, ila hawezi kumwacha mama yake. Nakaa na simu sikioni nikiangalia ukuta. Nimemwomba aje kwangu mara ngapi? Hana nafasi. Chai yangu ina sumu? Unaye kila siku, kaka, kila asubuhi, na bado umenionea kijicho kwa kusimama jukwaani dakika ishirini.

Zebiniso

*

Margilan, 12 Juni 2022

Zebi,

Salamu. Viwavi vimeshajifunga, Mama ameuza vifuko vya hariri, chumba changu kimerudi. Aprikoti zimeiva, Hosiyat ametujazia beseni. Mama yu mzima.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Barua yako nilimsomea Mama. Sio yote, ile sehemu ya simu. Nikamuuliza, kwa nini mbele yangu unamsifu yeye na mbele yake unanisifu mimi? Akanishangaa kabisa. Akasema, "Sasa nimsifu aliye mbele yangu ili apatwe na jicho baya?" Kisha akaniambia niende nikafunge mlango wa kuku.

Basi nikaenda nikaifungua kazi yako. Nilitaka iwe mbovu. Nakuambia ukweli, nilikaa nayo nikitafuta mahali pa kuchana. Niliiuliza swali gumu juu ya swali gumu: kihariri kikifungwa katikati ya ujenzi, itakuwaje? Nikakuta umelijibu. Vihariri viwili vikiuliza kwa pamoja? Umelijibu. Mwishoni nikaondoka mezani nikaenda kuwapa kuku mahindi, na walikuwa wameshakula.

Nimeipokea. Mlango umo kwenye toleo la leo, kama ulivyouandika, sikubadilisha hata herufi. Jina lako nimeliweka juu. Usichukue nakala. Msafara ukigawanyika, watu wataniuliza mimi kwa nini.

Usinishukuru hadharani, sitaki. Na usidhani nimetulia. Nina wivu, Zebi. Nilikuwa nao nikisoma, nilikuwa nao nikibonyeza kukubali, na ninao sasa hivi naandika. Ila kazi ni nzuri.

Muzaffar

*

Tashkent, 23 Juni 2022

Kaka Muzaffar,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima. Joto la huku halielezeki, watu wanalala na mashuka yaliyoloweshwa maji. Mbusu Mama, na kwa lile jibu lake mbusu mara mbili.

Mlango unafanya kazi. Vihariri vyote vitatu vinauliza, Karvon inajibu, na jana nimemwona mzee mmoja wa idara ya mikopo, mbishi kuliko wewe, akibonyeza mara moja tu na kusema "Hee!" Nakala sichukui. Nimewaambia wote kwamba aliyeufungua ni wewe. Umesema nisikushukuru, basi hiyo sio shukrani, ni taarifa.

Sasa kuna jambo, na laiti lisingetokea. Odilbek ameniita ofisini. Amesema Sarbon imepita, ajira yangu ni ya kudumu. Nikafurahi. Halafu akasema: "Lakini kiongozi wa kitengo awe kaka yako." Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema, "Mtu anayeweza kutuzimia vihariri vyote kwa siku moja akiwa amekaa kwao, namtaka awe humu ndani, sio huko nje."

Umeelewa? Ulituvunjia, na ndiyo maana wanakutaka. Mimi niliyekesha kutengeneza, nitakuwa chini yako.

Ameniomba nikufikishie, kwa sababu hana anwani yako. Ningeweza kusema umekataa. Odilbek asingejua kamwe. Nimeizunguka meza siku nzima na wazo hilo, na bado ninalo. Nakutumia kabla halijanishinda. Kiti kile kilikuwa changu, Muzaffar. Unajua kilikuwa changu.

Jibu unavyotaka.

Zebi

*

Margilan, 24 Juni 2022

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili nimesimama.

Muungwana angekataa. Nimejaribu kuwa muungwana tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Nikaandika barua ya kukataa, nzuri, ungelia. Nikaifuta. Sijawahi kuitwa popote, Zebi. Miaka sita, na huu ndio wito wa kwanza, hata kama wameniita kwa kuniogopa. Mwambie Odilbek nakubali.

Najua kiti ni chako. Nitakikalia hivyo hivyo.

Nilimwambia Mama wakati anamenya vitunguu. Hakuniuliza mshahara wala kazi yenyewe. Amefuta mikono, amekwenda kwa Hosiyat kumkabidhi kuku, amerudi ameanza kufunga mizigo. Anasema atakuja na mimi, kwa sababu nikiwa peke yangu sitakula. Nimemkumbusha kwamba Zebi amekuwa akimwita siku nyingi. Akasema, "Zebi anajiweza."

Tunapanda treni ya Jumapili asubuhi. Anauliza kama una sufuria ya pilau yenye ukubwa wa maana au abebe yake.

Muzaffar

*

Tashkent, 25 Juni 2022

Kaka,

Abebe yake.

Odilbek nimemwambia. Ameshika mikono yangu miwili akanishukuru kwa moyo wangu mkubwa, nikamwacha aamini hivyo. Meza yako nimeifuta vumbi. Iko dirishani, ndiyo ile niliyokuwa nimejichagulia.

Nimewaandalia nyumba. Mama atalala chumbani na mimi, kitanda chake kiko karibu na changu, na asubuhi chai atachemshiwa na mimi. Na mimi, Muzaffar, umesikia? Ukiamka ukaingia jikoni kabla yangu nitakuvunjia birika kichwani, uwe mkuu wangu au usiwe. Wewe utalala sebuleni, kwenye godoro. Ni jembamba. Nililijaribu mwenyewe, nikaona linakufaa.

Nina wivu mpaka meno yananiuma, na sijui nimwonee nani zaidi, wewe kwa kiti au wewe kwa Mama.

Nitakuwa stesheni. Njooni tu.

Zebi